Legesse Tefera: Vita ya miezi 8, kifungo cha miaka 11



Juzi kati hapa Katesh tulikuwa tunabishana vijana kuhusu ndege za kivita, ipi kali, ipi mkweche, si mnajua tena mambo ya sinema. Pembeni alikaa mzee mmoja aliyepigana vita vya Kagera. Akatusikiliza weee, halafu akauliza, "Na rubani akidondoka?" Mwenzetu akajibu, "Si anakufa, mzee." Mzee akatikisa kichwa. "Wengine hawafi. Wanakamatwa, halafu ninyi mnawasahau."

Hilo neno lilinikaa. Basi leo nawaletea habari za rubani mmoja wa Afrika Mashariki hii hii, ambaye vijana wengi hawajawahi kumsikia. Sisi Wairaqw tuliambiwa shuleni kwamba ni Wakushi, na lugha yetu ina undugu wa mbali na Kisomali na Kioromo. Kwa hiyo hii ni habari ya majirani, tena ya ukoo.

ALIKUWA NANI?

Legesse Tefera alikuwa rubani wa jeshi la anga la Ethiopia, baadaye akajulikana kama Brigedia Jenerali. Alirusha F-5E, ndege iliyotengenezwa Marekani. Mwaka 1977 nchi yake ilikuwa taabani. Mfalme Haile Selassie alishapinduliwa mwaka 1974, wanajeshi wa Derg wanatawala, na huku Mengistu Haile Mariam anaua wapinzani wake mjini Addis Ababa.

Julai 1977 jeshi la Somalia la Siad Barre likaingia Ogaden, eneo la Ethiopia ambalo wakazi wake wengi ni Wasomali. Septemba likauteka mji wa Jijiga. Nchi kavu Ethiopia ilikuwa inachapwa. Angani mambo yalikuwa tofauti kabisa. Somalia ilikuwa na MiG-17 na MiG-21 kutoka Urusi ya wakati ule, lakini marubani wa F-5E wa Ethiopia walikuwa wamefundishwa vizuri na walikuwa na makombora ya Sidewinder. Legesse ndiye aliyetia fora kati yao, aliangusha ndege kadhaa za MiG. Kwao hadi leo ni shujaa.

ALIKAMATWAJE?

Mwaka huo huo wa 1977 zamu yake ikafika. Ndege yake ilidunguliwa, akabaki hai, Wasomali wakamtia mbaroni. Sifa zote za angani zikaishia hapo. Akawa mateka wa kivita.

Hapa ndipo penye kuniuma. Urusi ilihama, ikaiacha Somalia na kuisaidia Ethiopia kwa silaha, na Cuba ikaleta maelfu ya askari. Machi 1978 Jijiga ikakombolewa na Siad Barre akatangaza kuondoa jeshi lake. Vita ikaisha baada ya miezi kama 8 hivi. Legesse je? Akabaki ndani.

Mpige hesabu ya kwetu. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza hapa Katesh Januari 1978 alimaliza la saba 1984, akaingia sekondari, akawa kidato cha nne 1988. Muda wote huo Legesse yupo kifungoni Somalia. Njaa kubwa ya Ethiopia ya 1984 na 1985 ilikuja na ikapita yeye hayupo kwao.

Hakuwa peke yake. Alikuwepo pia Orlando Cardoso Villavicencio, ofisa kijana wa Cuba aliyekamatwa Januari 1978. Huyo naye alikaa zaidi ya miaka 10.

SHERIA INASEMAJE?

Mkataba wa tatu wa Geneva wa 1949 uko wazi. Mateka analazimika kutaja jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi, basi. Ndani ya wiki moja apewe nafasi ya kuandika kadi ya kuwajulisha ndugu zake kwamba yuko hai. Na ibara ya 118 inasema mapigano yakiisha, mateka waachiliwe bila kuchelewa. Somalia na Ethiopia zote zilikuwa zimeridhia mkataba huo kabla ya vita.

Sasa mbona miaka 11? Kwa sababu bunduki zilinyamaza lakini wakubwa hawakupatana. Kila upande uliendelea kuwasaidia waasi wa mwenzake. Ni Aprili 1988 tu, Mengistu na Siad Barre wakiwa wamebanwa na waasi nyumbani kwao, ndipo wakakubaliana. Msalaba Mwekundu ukasimamia kubadilishana mateka kwa ndege, Waethiopia zaidi ya 3,500 wakarudi kwao, Legesse akiwemo. Mwaka 1991 wote wawili, Siad Barre na Mengistu, wakang'olewa. Jamani, watu wamefungwa muongo mzima kwa ubishi wa mabwana wawili ambao wenyewe hawakudumu hata miaka minne baada ya kusaini!

NA YULE WA PILI

Kuna mwingine, Kanali Bezabih Petros, naye rubani wa Ethiopia. Wapiganaji wa Eritrea walimkamata miaka ya 1980 na baadaye akaachiliwa. Akarudi kurusha ndege. Mwanzoni mwa Juni 1998, Ethiopia na Eritrea zikiwa vitani tena, alikwenda kushambulia Asmara, akadunguliwa na kukamatwa mara ya pili. Eritrea ilikuwa bado haijaridhia Mikataba ya Geneva, iliridhia Agosti 2000. Mwaka 2002 mateka wa pande zote wakarudishwa. Bezabih hakuwemo. Julai 2018 viongozi wakakumbatiana Asmara, simu zikafunguliwa, ndege za abiria zikaruka. Bezabih hakurudi.

Nikarudi kwa yule mzee nikamsimulia yote. Ya Legesse akayafurahia, akacheka kabisa. Ya Bezabih akanyamaza, halafu akaniomba nirudie jina. Nikarudia. Akalitamka mwenyewe taratibu, mara mbili, kama mtu anayejifunza salamu ya ugenini.

Wadau, kesho mkibishana ndege ipi kali, mkumbuke ndani kuna mtu, na huyo mtu ana jina. Wazee wa Kagera bado wapo Mbulu, Dongobesh, Haydom na hapa Katesh. Kaeni nao, waulizeni majina ya wenzao, yaandikeni. Mwenye la kuongeza karibu hapo chini, matusi hapana.

Naomba kuwasilisha.