Waya mmoja, mitandao mingi: somo kutoka barabara ya Mombo

Ukishuka Mombo ukitaka kupanda milimani, barabara ni moja. Mabasi ya Bumbuli, Lushoto, Mlalo na Mtae yote yanabanana kwenye kona zile zile hadi Soni. Hapo la Bumbuli linakata, mengine yanaendelea. Abiria hapotei, maana kila basi lina kibao mbele. Tranki ndiyo hiyo: waya mmoja kati ya swichi mbili, unaobeba mitandao mingi bila kuichanganya.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Itheneti ilipozaliwa mwaka 1973 kwenye maabara ya Xerox kule California, mtandao mmoja ulikuwa waya mmoja. Ukitaka kuwatenga wahasibu na wanafunzi, unavuta waya mwingine. Sasa fikiria chuo cha Lushoto, jengo moja juu ya mteremko, jingine ng'ambo ya bonde. Waya wa pili ni mitaro, nguzo na pesa ambayo haipo.

Mwaka 1988, W. David Sincoskie na Chase Cotton wa Bellcore, Marekani, walichapisha wazo la kuipa kila fremu ya data alama. Ichukulie kama rangi, mfano wa ule mstari wa daladala za Dar: swichi inasoma rangi, inajua njia.

Miaka ya 1990 kampuni zikaja kila moja na kibao chake. Cisco, kwa mfano, ilikuwa na ISL, iliyoifunga fremu nzima kwa baiti 30 za ziada. Ndipo mwaka 1998 IEEE ikatoa kiwango cha wote, 802.1Q: baiti 4 tu zinachomekwa ndani ya fremu. Biti 12 kati ya hizo ni namba ya mtandao. Zinatoa namba 4096. Mbili zimehifadhiwa, zinabaki 4094.

Ila kuna mlango mmoja uliachwa wazi. Fremu isiyo na kibao huhesabiwa ni ya mtandao asilia. Swichi ya huku ikisema asilia ni 1, ya kule ikisema ni 10, fremu za mtandao mmoja zinaibukia kwenye mwingine. Kompyuta ya mwanafunzi inajikuta uhasibuni, na hakuna taa nyekundu itakayowaka.

Kwa hiyo ukisanidi tranki, taja kwa namba mitandao inayoruhusiwa kupita, na mtandao asilia upe namba ambayo haitumiki kwa kazi nyingine. Kisha kague na ncha ya pili, hata kama ni kuvuka bonde kwa miguu.