Mpanda Farasi wa Lombart: Mwili Mmoja, Vichwa Vitatu

Miongoni mwa picha za majemadari zilizochongwa Ulaya katika karne ya 17, ni chache zinazomtaabisha mfasiri kama ile ya Pierre Lombart, mchongaji Mfaransa aliyefanya kazi London. Picha hiyo, ya kiasi cha mwaka 1655, haionyeshi fumbo lolote mwanzoni. Oliver Cromwell ameketi juu ya farasi, amevaa deraya, mkononi ana fimbo ya uamiri. Kando yake yupo mtumishi. Mtazamaji huhukumu upesi kwamba huyu ndiye Cromwell, na hivyo ndivyo alivyokuwa.

Hukumu hiyo haisimami. Mwili, farasi na mkao vimetokana na picha ya rangi aliyoichora Anthony van Dyck mwaka 1633, na mpanda farasi wa picha hiyo ni Mfalme Charles wa Kwanza, yule yule ambaye Cromwell alitia sahihi hati ya kumwua mwaka 1649. Tena zipo chapa nyingine za bamba lile lile: zipo zenye kichwa cha Louis wa 14 wa Ufaransa, zipo zenye kichwa cha Charles mwenyewe, na ipo isiyo na kichwa kabisa. George Somes Layard aliuandikia mchoro huu kitabu kizima mwaka 1922.

Jambo hili liliwezekanaje? Shaba hukubali masahihisho. Mistari hukwanguliwa, bamba hugongwa kwa nyuma hata pawe sawa, hulainishwa, kisha huchongwa upya. Kwa kuwa bamba kubwa lilikuwa mali yenye thamani na kazi yake ni ndefu, mwenye bamba hakuwa na sababu ya kulitupa kila alipobadilika mtawala. Cromwell alifariki mwaka 1658, na ufalme ukarejea mwaka 1660.

Hapa ndipo tafsiri zinapoachana. Ya kwanza husema kwamba kumpa Cromwell mwili wa mfalme aliyekatwa kichwa ni kejeli ya makusudi. Tafsiri hii inavutia, lakini inaegemea nia ambayo mchoro wenyewe hauithibitishi. Ya pili huona biashara tu. Nayo ina upungufu, kwa maana haielezi kwa nini wanunuzi waliukubali mwili ule ule kwa mtawala huyu na yule.

Jibu lipo katika lugha ya picha yenyewe. Farasi aliyetiishwa, deraya na fimbo vilikuwa msamiati uliokwisha zoeleka wa mamlaka. Robert Walker naye, alipomchora Cromwell na wenzake, aliazima mikao ya Van Dyck. Dola iliyoondoa ufalme haikuwa imepata bado namna yake ya kumwonyesha mtawala. Ilisema mambo mapya kwa sarufi ya kale.

Kwa hiyo mchoro huu si ushahidi wa umbo la Cromwell, bali ni ushahidi wa yale ambayo watu wa zama zake walitarajia kuyaona kwa mwenye nguvu. Mhariri wa miswada ya tenzi anaijua kanuni hii: nakala moja haitoshi kuhukumia matini mpaka ilinganishwe na nyingine. Mwenye chapa moja ya Lombart amemwona jemadari. Mwenye kuzilinganisha zote ameuona utawala.