Zanzibar Nambari 1: Historia Iliyohifadhiwa na Wajenzi wa Ndege za Mfano

Mwaka 1916, juu ya mahandaki ya kaskazini mwa Ufaransa, iliruka ndege ya kivita ya Kiingereza iliyoandikwa ubavuni "Zanzibar No. 1". Ilikuwa ya aina ya F.E.2b, yenye namba 6341, mali ya Kikosi cha 25 cha Royal Flying Corps. Haikudumu. Mwaka huohuo iliangukia mikononi mwa Wajerumani, nao wakaipiga picha kama wapigaji picha wa vita wanavyofanya wakipata nyara.

Kila nilipoitaja ndege hii mbele ya wanahistoria wa Afrika Mashariki nimeulizwa kama ni kweli. Wanaoijua ni watu wa kundi jingine kabisa: wajenzi wa ndege za mfano, watu wazima ambao jioni zao huzitumia mezani wakiwa na kisu chembamba, gundi, msasa na miwani ya kukuzia. Hao wanaijua namba yake kwa moyo, na wanajua maandishi yalikaa sehemu gani ya bodi. Ninadai kwamba kumbukumbu ya Zanzibar ya mwaka 1916 imetunzwa na burudani hii kuliko ilivyotunzwa na sisi wenye shahada.

Jina lenyewe lilifikaje ubavuni? Jibu liko London. Mwanzoni mwa 1915 chama kilichoitwa Overseas Club, kilichoanzishwa na Evelyn Wrench miaka mitano kabla, kilianza kuchangisha fedha katika himaya nzima ili kununua ndege za vita. Bei zilitangazwa kama za dukani: pauni 1,500 kwa ndege ya kawaida, pauni 2,250 kwa ile kubwa zaidi yenye bunduki. Aliyelipa alipata haki ya kuipa jina, na ndege ikipotea, jina lilihamishiwa ndege nyingine, kana kwamba mchango haufi. Kwa rupia zilizotumika Zanzibar wakati huo, kumi na tano kwa pauni, ndege ya bei ya juu ilikuwa rupia 33,750. Hazina ya Zanzibar, iliyokuwa chini ya Sultani Khalifa bin Harub na kusimamiwa na Wizara ya Makoloni ya London tangu 1913, iliegemea ushuru wa karafuu, robo ya thamani ya zao. Neno moja tu, "Zanzibar", lilitosha kuwafunika wote waliohusika, kuanzia kasri hadi kwa mchumaji aliye juu ya mkarafuu.

Burudani iliyoitunza habari hii nayo ina asili yake London. Mwaka 1932 James Hay Stevens alitoa ndege za mfano za mbao zilizoitwa Skybirds, kwa skeli ya moja kwa 72, ambapo inchi moja inasimama badala ya futi sita, yaani kimo cha mtu mrefu. Miaka minne baadaye kiwanda cha Merton, kusini mwa jiji, kikatoa za plastiki kwa jina la Frog Penguin. Vita vya Pili vilipokuja, ndege ndogo za skeli hiyohiyo zilitumika kuwafundisha askari kutofautisha ndege ya rafiki na ya adui. Kisha ikaja Airfix, kampuni iliyoanzishwa 1939 na Nicholas Kove, mkimbizi kutoka Hungaria, ambayo iliuza vitana kabla ya kuuza ndege. Kutoka kiwandani kwake Wandsworth ilitoka Spitfire ya kwanza katika miaka ya hamsini, na mwaka 1970 ikatolewa Spitfire ya skeli ya moja kwa 24, yenye mabawa ya karibu sentimita 47 kutoka ncha hadi ncha. Hapo ndipo mchezo wa watoto ulipogeuka kuwa kazi ya watu wazima.

Ukubwa huo una maana yake. Katika skeli ndogo, chumba cha rubani ni shimo jeusi, na mjenzi anasamehewa. Katika moja kwa 24 au moja kwa 32 hakuna msamaha. Mkanda wa kiti unaonekana pamoja na kifungo chake, saa za kupimia mwinuko na kasi zinasomeka, na rangi lazima ichujuke pale kiatu cha fundi kilipokanyaga kila siku. Kampuni ya Wingnut Wings ya New Zealand, iliyomilikiwa na mwongozaji filamu Peter Jackson na kufungwa mwaka 2020, ilitoa F.E.2b kwa skeli ya moja kwa 32. Ikimalizika ina upana wa karibu sentimita 45. Injini ya ndege hii iko nyuma ya rubani, na pangaboi linaisukuma badala ya kuivuta. Mwenzake rubani anakaa mbele kabisa, hana kitu cha kumkinga na upepo wala risasi. Alipotaka kupiga bombomu kuelekea nyuma, alisimama juu akiwa wazi tangu magotini, juu ya anga tupu. Mkia umeshikiliwa na fito na nyaya, na kila waya mjenzi huufunga kwa uzi wa mpira mwembamba kuliko unywele, au kwa plastiki aliyoiyeyusha juu ya mshumaa na kuivuta hadi ikawa uzi.

Anayeijenga akiwa London ana bahati. Akishuka kituo cha Colindale atatembea hadi makumbusho ya jeshi la anga huko Hendon, ambako kuna F.E.2b nzima, ingawa sehemu kubwa imejengwa upya. Nimewaona wajenzi mbele yake wakipiga picha viungo vya fito na mishono ya kitani, wakibishana kwa sauti ya chini kama watu walio msibani.

Ubishi wao mkubwa ni wa rangi. Filamu za wakati ule hazikuhisi wekundu: chekundu hutokea karibu cheusi, na buluu hupauka ikawa kama nyeupe. Kwa hiyo mtu anayeandika upya jina la Zanzibar juu ya plastiki hawezi kuitegemea picha peke yake. Hulinganisha picha nyingi, husoma maagizo ya jeshi kuhusu rangi, huuliza wenzake. Ningefurahi kama wanafunzi wangu wangeihoji hati kwa ukali wa namna hiyo.

Wenzangu wa chuoni huiita kazi hii kumbukizi tamu ya himaya, na hawakosei kabisa. Rafu za wajenzi zimejaa ushindi, na vita vikiwa juu ya stendi havinuki. Hata hivyo lawama ina upande wa pili. Mjenzi ameshika jina letu akashindwa kulifuata nje ya ndege. Sisi tulio na lugha, na jamaa Unguja na Pemba, hatukulishika kabisa. Yeye anahesabu ribiti. Nani amehesabu rupia?

Tena pwani yetu haikuwa mbali na vita vya ndege hata kidogo. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliipiga Pegasus ya Kiingereza katika bandari ya Zanzibar, watu wakitazama. Königsberg ilipojificha katika delta ya Rufiji, ilitafutwa kwa ndege, na tarehe 11 Julai 1915 iliangamizwa na mizinga iliyoelekezwa na marubani waliotoka kisiwa cha Mafia. Kwa hiyo mchango wa ndege ulipoombwa, Mzanzibari wa mjini alikwisha kujua ndege inafanya nini. Mwaka uliofuata, ambao Zanzibar No. 1 ilipotea Ufaransa, Waingereza waliingia Bagamoyo mwezi Agosti na Dar es Salaam mwezi Septemba, mizigo yao ikiwa vichwani mwa wapagazi. Sijapata kuona mfano wa plastiki wa mpagazi.

Desturi ya kununua jina ilirudi katika Vita vya Pili. Kikosi cha 46 kilichoruka na Hurricane kilibeba rasmi jina la Uganda. Juni 1940 marubani wake, wakiondoka Norwe, walitua juu ya manowari ya kubebea ndege, Glorious, kwa ndege zisizo na ndoana za kunasia, jambo lililodhaniwa haliwezekani. Siku iliyofuata meli ilizamishwa, na kati ya marubani hao waliopona ni wawili tu. Airfix ilitoa Hurricane ya moja kwa 24 mwaka 1973, nayo bado inapatikana kwa wauzaji wa vitu vya zamani hapa London. Herufi za kikosi, PO, mnunuzi atazitafuta mwenyewe.