Kivuli Kinachomeza Setilaiti Juu ya Usangu

Tarehe 1 Septemba 2016, Rujewa ilijaa watu waliokuja kutazama mwezi ukipita mbele ya jua na kubakiza pete ya mwanga. Kivuli kingine, kikubwa kuliko kile cha mwezi, hupanda juu ya tambarare ya Usangu kila jioni. Ukisimama Chimala jioni isiyo na moshi, jua likishazama, utaona upande wa tambarare ukanda wa rangi ya bluu iliyofifia ukiinuka taratibu, na juu yake wekundu hafifu. Hicho ni kivuli cha dunia yenyewe. Hoja yangu ni kwamba ile "nyota" inayotembea, ikafika katikati ya anga safi na kupotea ghafla, kwa kawaida haijazimwa wala haijaanguka. Imeingia ndani ya kivuli hicho. Setilaiti haina taa ya kutumulikia. Tunachokiona ni mwanga wa jua unaoakisiwa na mwili wake.

Ushahidi wa kwanza ni saa. Agosti 1960 Marekani ilirusha Echo 1, puto lenye kipenyo cha mita 30 hivi, lililong'aa kuliko nyota nyingi. Njia yake ilifika hadi latitudo 47 kaskazini na kusini, kwa hiyo Usangu ilikuwa ndani ya eneo lake, hadi lilipoanguka mwaka 1968. Kwa kuwa lilikuwa juu sana, yapata kilomita 1,600, jua liliweza kulifikia likiwa utosini kwa saa mbili na nusu hivi baada ya machweo. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko kilomita 400 tu, nacho kikiwa utosini hufichwa baada ya kama saa moja na dakika 20. Kilicho chini humezwa mapema, cha juu huchelewa. Ushahidi wa pili ni upande: jioni vyombo vinavyokwenda mashariki hupotelea mashariki, na alfajiri vile vitokavyo magharibi huibuka ghafla, kwa sababu wakati huo kivuli kimelalia magharibi. Wingu halina nidhamu ya namna hiyo, tena lingeficha na nyota za jirani.

Yupo atakayeuliza mbona Ulaya setilaiti huonekana hata usiku wa manane. Ni kweli, lakini ni wakati wa kiangazi chao. London mwezi Juni jua halishuki sana chini ya upeo, ilhali kwetu, karibu na ikweta, huzama karibu wima na giza hutuwahi. Pingamizi zito zaidi ni la setilaiti za Iridium, zilizoanza kurushwa mwaka 1997: zilimeta kwa sekunde chache na kufifia zikiwa bado juani. Hapo sababu ilikuwa antena bapa zilizong'arishwa, zikielekeza jua kwa mtazamaji kwa muda mfupi tu. Na Chimala ina sababu yake ya pekee ya chombo kuibuka ghafla, kwani ukuta wa milima unaopandwa kwa kona 57 kwenda Matamba huficha anga la kusini, hivyo kinachotoka huko huonekana kimeshapanda juu.

Waliokuwa vijana mwaka 1960 sasa ni wazee. Walimu wa Chimala, Igurusi na Rujewa, watumeni wanafunzi wakawaulize waliona nini angani miaka ile, saa ngapi na kilipotelea upande gani, kisha muyaandike.