Kurekodi bendi kwa tabaka

Kurekodi bendi kwa tabaka ni utaratibu wa kunasa sauti ya chombo kimoja baada ya kingine, kila kimoja kwenye traki yake, huku anayefuata akiwasikiliza waliomtangulia kwa hedifoni. Utaratibu mwingine, wa zamani zaidi, ni kurekodi kwa pamoja: bendi nzima inapiga wimbo tangu mwanzo hadi mwisho kama ukumbini. Kwa tabaka wanamuziki wanaweza wasionane kabisa. Mpiga besi akaja Jumatatu, mpuliza tarumbeta akaja Ijumaa. Kinachowakutanisha ni mapigo, na kwa hiyo kuuliza nani atangulie ni sawa na kuuliza nani ameshika mapigo.

Muziki wa dansi wa Tanzania ulikulia katika utaratibu wa pamoja. Bendi zilizoingia studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970 zilipiga kwa mkupuo, waimbaji, magitaa na tumba chumbani humo humo, na aliyekosea aliwarudisha wenzake wote mwanzo. Kasi ikipanda ilipanda kwa wote, kwa kuwa walitazamana na kusikilizana. Hakuna aliyehitaji mashine ya kumhesabia.

Njia ya tabaka ilienezwa na mpiga gitaa Mmarekani, Les Paul. Katika "How High the Moon" ya mwaka 1951, akiwa na mwimbaji Mary Ford, alirundika magitaa na sauti juu ya sauti, ila kila nyongeza iliungana moja kwa moja na ya nyuma yake. Kosa la dakika ya mwisho liliweza kuharibu kazi yote. Mwaka 1957 kampuni ya Ampex ilimpatia mashine ya traki 8. Tatizo lililobidi litatuliwe lilikuwa la muda hasa. Katika mashine ya kanda, kichwa kinachorekodi na kichwa kinachosomea vimeachana kidogo. Mpigaji akisikiliza kupitia kichwa cha kusomea, anachokipiga kitaangukia nyuma ya wenzake, maana kanda imeshasogea. Ampex walikifanya kichwa cha kurekodi kiweze pia kusoma traki za awali, na sauti za zamani na mpya zikakaa mahali pamoja kwenye kanda.

Chombo cha kuhesabia, yaani kliki, kilitoka kwenye sinema. Watengenezaji wa katuni walitoboa matundu kwenye ukanda wa sauti, kila tundu likatoa mlio masikioni mwa wanamuziki. Filamu ikienda picha 24 kwa sekunde, tundu kila baada ya picha 12 hutoa mapigo 120 kwa dakika. Leo kompyuta hufanya hesabu hiyo hiyo: milisekunde 60,000 zikigawanywa kwa kasi ya wimbo hutoa nafasi kati ya pigo na pigo, na kwa mapigo 120 nafasi hiyo ni milisekunde 500.

Kwa kawaida kazi huanza na mwongozo, gitaa moja na sauti ya mwimbaji vilivyorekodiwa haraka juu ya kliki, ili wengine wajue walipo katika wimbo, baadaye hufutwa. Kisha huja dramu, besi, gitaa la rithimu, mi-solo (gitaa lililo kati ya rithimu na solo) na solo, halafu tarumbeta na saksafoni, mwimbaji kiongozi na waitikiaji. Besi hufuata dramu kwa sababu vidole vya mpiga besi huegemea ngoma ya mguu. Akitangulia yeye, mpiga dramu atalazimika kufukuza kivuli. Wako wanaoziacha tumba hadi mwisho, kama kiungo cha kunyunyiza juu ya mchuzi. Katika dansi na rumba hilo ni kosa. Tumba hubeba nusu ya mwendo wa wimbo, na zikipigwa pamoja na dramu, wapigaji wakionana, magitaa yote yanayofuata hukaa vizuri zaidi.

Si lazima dramu zipigwe wimbo mzima. Mwaka 1977, Bee Gees walipokuwa wakirekodi Ufaransa, mpiga dramu wao aliondoka kwa sababu za kifamilia. Mafundi walikata vipande vifupi vya dramu kutoka "Night Fever", wakaviunga kuwa duara la kanda linalojirudia, na juu ya duara hilo ikajengwa "Stayin' Alive". Prodyuza wa Bongo Fleva anayetengeneza biti kwanza na kumwita mwimbaji baadaye anafuata mpango huo huo: mapigo kwanza, mtu baadaye.

Dansi ina ugumu wake. Wimbo huanza taratibu kwa mashairi, kisha huingia chemko, ambayo Wakongo huiita sebene, na bendi nyingi hukaza mwendo hapo kidogo tu, kiasi cha kuwainua wachezaji vitini. Kliki ya kasi moja huua mkazo huo. Fundi anayeujua muziki huu hurekodi kwanza mazoezi ya bendi, akapima kasi ya kila sehemu, kisha akaipanga kliki ipande pale bendi yenyewe inapopandia. Solo inayoanza peke yake nayo humpoteza mpiga dramu, kwa kuwa mara nyingi haiangukii pigo la kwanza. Hesabu ya vipimo viwili ikirekodiwa kabla ya noti ya kwanza, ataingia alipotakiwa.

Muda huvuja pia njiani. Sauti hutumia karibu milisekunde 3 kupita mita moja ya hewa, hivyo aliye mita 10 kutoka kwenye spika husikia pigo likiwa limechelewa milisekunde 30. Hiyo ni sababu mojawapo ya hedifoni kutokwepeka. Kompyuta huchelewesha kwa njia yake. Ikikusanya sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 1,024 kabla ya kuzitoa, kwa kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde, ucheleweshaji ni kama milisekunde 23, na mpiga rithimu atauhisi mkononi. Sampuli 128 huushusha hadi karibu 3. Wakati wa kurekodi sampuli hizo hupunguzwa, wakati wa kumiksi huongezwa.

Siku hizi traki husafiri. Mpiga solo anayeishi Ulaya hupokea faili kutoka Dar es Salaam au Nairobi, akapiga sehemu yake na kuirudisha. Faili zote huanzia sifuri, hata kama solo yake inaingia dakika ya tatu, na kasi ya wimbo huandikwa kwenye jina la faili pamoja na noti ambayo bendi iliitumia kutyuni.