Utando wa uzazi na misuli ya jicho

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji wa macho. Utando wa ndani wa chupa ya uzazi, ule ulioshikana na kondo la nyuma, naushika kwa heshima: mwembamba, unapitisha mwanga, hauna mshipa wa damu hata mmoja.

Mwaka 1910, daktari Davis wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, aliandika juu ya kuutumia kufunika ngozi iliyojeruhiwa. Machoni uliingia mwaka 1940, daktari wa macho de Rötth alipojaribu kuziba nao ngozi laini ya jicho. Miaka michache baadaye daktari Sorsby, Uingereza, akautumia kwa macho yaliyounguzwa na kemikali. Kisha ukasahaulika, jambo linaloniuma hadi leo, mpaka watafiti Kim na Tseng walipoujaribu kwa sungura mwaka 1995.

Baada ya hapo wapasuaji wa makengeza nao wakauchukua. Jicho lililopasuliwa mara mbili au tatu hujaa makovu. Msuli hugandamana na mafuta na tishu za jirani, na jicho hukataa kugeuka. Daktari huachanisha msuli, kisha huuzungushia utando. Utando hutenganisha nyuso hizo, na pia hutuliza uvimbe na seli zinazojenga kovu.

Huyeyuka baada ya wiki kadhaa, na wakati mwingine kovu hurudi. Hata hivyo, kwa mgonjwa anayeona vitu viwiviwili, kurudishiwa hata nyuzi chache za mzunguko wa jicho ni jambo kubwa. Mama anayeutoa utando huo hupimwa kwanza virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende.