Kipya Kinyemi: Nyimbo za Kioja na Ushindani wa Muziki Mrima

Nchini Marekani, katika miaka ya 1950, zilivuma nyimbo ambazo zinaweza kuitwa nyimbo za kioja, yaani zile zilizonunuliwa kwa sababu zilichekesha au zilitoa sauti isiyozoeleka. Mwaka 1958 wimbo wa Sheb Wooley, "The Purple People Eater", uliohusu kiumbe wa ajabu kutoka angani, ulishika nafasi ya kwanza katika mauzo. Mrima, yaani pwani inayoikabili Unguja kuanzia Bagamoyo hadi Tanga kupitia Saadani na Pangani, haukuwa na soko la namna hiyo, lakini tamaa ya kipya ilikuwapo tangu zamani, nayo iliishi ndani ya mashindano.

Mfano mkubwa ni beni, ngoma iliyozuka katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi za matarumbeta, kisha ikaenea kusini hadi Tanga na Dar es Salaam. Wachezaji walivaa sare, wakapiga kwata, wakajipa vyeo vya Kingi na Kapteni, na wakagawanyika pande mbili hasimu: Marini, jina lenye asili ya wanamaji, iliyowavuta zaidi makarani na waliojiona waungwana, na Arinoti, iliyowapokea wanyonge na watu wa bara. Kila upande ulilazimika kubuni sare, mwendo na wimbo wa kumkebehi mwenziwe, kwa kuwa aliyerudia ya jana alikuwa ameshindwa. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeichunguza beni katika kitabu chake cha 1975, alijadili iwapo wachezaji hao waliwaiga watawala au waliwadhihaki. Swali hilo pengine limewasumbua wasomi kuliko lilivyowasumbua wachezaji.

Dansi iliurithi ushindani huo. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, neno "jazz" likimaanisha tu bendi ya dansi, na kuanzia 1933 santuri za Kikuba za mfululizo wa GV zikaleta rumba. Baadaye kila bendi ilijitangaza kwa "mtindo", yaani mapigo na uchezaji iliodai kuwa wake peke yake: Atomic Jazz ya Tanga ilikuwa na kiweka, Western Jazz ya Dar es Salaam saboso.

Taarabu ya Tanga haikubaki nyuma. Kikundi kimoja kilijiita Young Novelty, jina linalotangaza ujana na upya kwa pamoja, na Black Star Musical Club, aliyoimbia Shakila binti Said, mzaliwa wa Pangani, ikaingiza magitaa ya umeme na mapigo ya dansi, ikasikilizwa hadi Kenya na Burundi. Hata hivyo maneno yaliendelea kufuata vina na mizani, na kicheko kilitoka kwenye kijembe na fumbo. Hapo ndipo Mrima ulipoachana na Marekani: kioja kilikuwa kwenye ala, si kwenye shairi.

Mwaka 1968 mambo yaligeuka, pale bendi ya Kiingereza, The Tremeloes, ilipovuma Uingereza kwa "Helule Helule" ya Mkenya Daudi Kabaka; wimbo wa kawaida wa dansi Afrika Mashariki ukawa kioja ugenini.

Mrima kwenyewe, Bagamoyo, iliyopoteza makao makuu ya utawala wa Kijerumani mwaka 1891 na kuiachia Dar es Salaam biashara yake, ilipata Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na ngoma, zilizokuwa uwanja wa mashindano, zikawa somo la darasani.